Anayeonja Sumu Apige Kelele

Somo: 2 Wafalme 4:38–41



Wana wa manabii walikuwa na njaa. Mmoja akaenda shambani, akachuma matango ya mwitu asiyoyajua, akayakatia chunguni. Hakuwa mtu mbaya, hakujua tu. Walioonja walipiga kelele. Elisha akaitisha unga, chakula kikapona.

Sisi wa Kitui na Makueni hatuhitaji kuelezwa habari ya sumu isiyoonekana. Mwaka 2004 mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu yaliota ukungu wenye aflatoksini. Watu 317 waliugua, 125 wakafa, wengi wao huku kwetu. Wengine wenu mlizika. Na hiyo haikukusudiwa na mtu.

Sasa fikiria ikikusudiwa. Mei 2016 polisi walitangaza kumkamata kijana aliyekuwa akifanya mafunzo ya udaktari katika hospitali ya Wote, wakidai kundi lake lilipanga shambulizi la kimeta. Kimeta tunakijua, huua ng'ombe na watu. Shambulizi halikutokea, tunamshukuru Mungu.

Leo kuna akili bandia, hii AI iko kwenye simu. Inamsaidia mkulima, inamsaidia mwanafunzi. Lakini hata makampuni yanayoiunda yameonya kwamba mwenye nia mbaya anaweza kuitumia kutafuta silaha za vijidudu. Mimi nilisomea biashara: gharama ya kuingia sokoni ikishuka, wanaoingia huongezeka, wazuri kwa wabaya. Zamani ujuzi huo ulitaka miaka darasani, mbele ya mwalimu anayekutazama usoni. Mashine haioni moyo wako.

Tufanye nini? Si kutupa simu.

Kwanza, mzazi, jua mtoto wako anauliza nini usiku.

Pili, ukionja uchungu, piga kelele. Mwambie mchungaji, mwambie chifu. Usimfiche mwanao ati kwa sababu ya aibu. Aibu inapita, kaburi halipiti.

Tatu, usimshuku jirani kwa jina lake au dini yake. Wale walilia juu ya chungu, hawakumrukia mpishi.

Na wewe kijana unayependa sayansi, usiogope, soma! Elisha hakumwaga chungu, alitia unga. Kuwa huo unga: daktari, mtu wa maabara, mtu wa kompyuta anayemcha Mungu.

Tuombe: Bwana, tupe ulimi wa kuonja mapema na ujasiri wa kusema. Linda vyungu vyetu. Amina.