Watumishi wa Udongo na Wajibu Wetu

Wengi wetu twaihesabu ardhi kuwa kitu kisicho na uhai: ilimwe, inyunyiziwe dawa, izae. Sivyo ilivyo. Udongoni mna bakteria, vijidudu wasioonekana kwa macho, wafanyao kazi usiku na mchana bila ujira. Mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga wale wakaao katika vifundo vya mizizi ya mimea ya jamii ya maharage, ambao huipatia mimea hiyo naitrojeni itokayo hewani.

Wako na wengine. Mwaka 1973 wataalamu Sethunathan na Yoshida walieleza habari za bakteria wa shamba la mpunga huko Ufilipino, wawezao kuvunja diazinoni na parathioni, sumu za kuulia wadudu. Mwaka 1995 wataalamu wa Marekani walieleza juu ya bakteria waifanyao atrazini, dawa ya kuulia magugu, kuwa chakula chao.

Hapo lazuka swali. Ikiwa yuko wa kufagia, je, tumepata ruhusa ya kumwaga takataka? Sisi twasema hapana.

Kwanza, si kila sumu ina mlaji wake. DDT hugeuka kuwa DDE, nayo hudumu udongoni miaka mingi. Pili, na hili ndilo kubwa, bakteria huhitaji muda. Kabla hawajamaliza kazi yao, kibarua amekwisha kuivuta sumu kifuani, mvua imeipeleka mtoni, na jirani asiyepata hata gunia moja la mavuno yale ameyanywa maji yake. Kumsafishia mtu kisima baada ya kunywa si kumrudishia afya yake.

Hatusemi kwamba elimu hii idharauliwe. Ardhi iliyokwisha kuharibiwa ina haki ya kutibiwa, na bakteria hao ni msaada mkubwa. Lakini mtu aliyelipiwa deni la jana hakupewa idhini ya kukopa leo bila kiasi. Mkulima na apime dawa yake kama ilivyoagizwa, aitie pale tu inapohitajika, amkinge kibarua wake, abadilishe mazao, na kuulisha udongo kwa samadi na mboji, ili watumishi wake wadogo wapate nguvu. Wao hufanya sehemu yao bila kuamriwa. Sehemu iliyosalia ni yetu, wala hapana kijidudu awezaye kutufanyia.