Deni la Motokaa Isiyo na Moshi

Motokaa isiyotoa moshi ni kitu chema. Aliyeiunda hakutenda ubaya, wala anayeinunua hakukosa, kwa maana moshi wa mafuta huharibu hewa na kuvuruga majira ya mvua. Lakini hata jambo jema laweza kuleta deni. Basi, ni nani adaiwaye, naye adaiwa nini?

Motokaa hiyo huendeshwa kwa betri kubwa, na betri nyingi zimetiwa kobalti. Hata simu ya mkononi inayo kidogo. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Kongo, hasa pande za Kolwezi. Sehemu kubwa hutolewa kwa mitambo. Sehemu nyingine hutolewa na watu wenye sururu na nyundo tu. Wanaume hushuka katika mashimo membamba, wanawake huosha mawe. Sheria yawakataza watoto, lakini njaa huwapeleka. Mwezi wa Juni 2019 udongo uliporomoka karibu na Kolwezi, wakafa watu zaidi ya 40.

Mchimbaji hupeleka gunia lake kwa mnunuzi. Huyu huelekeza chombo kidogo juu ya mawe, na hesabu ya ubora wa madini hutokea kiooni. Mchimbaji hana chombo cha namna hiyo, hawezi kujua kama hesabu ni ya kweli. Hupokea apewacho.

Wengine husema: «Wapewe sadaka.» Sadaka ni njema, lakini hutoka katika mali ya mtoaji, ujira ni mali ya mfanyakazi mwenyewe. Anayemnyima mtu ujira wake, kisha akampa sehemu yake kama zawadi, hakumpa kitu. Amerudisha kidogo cha alichokitwaa.

Wengine husema: «Tuache kununua kobalti.» Kweli, betri zisizo na kobalti zimekwisha kuenea. Lakini mtu ambaye mashimo yamekula shamba lake, akiachwa pia bila kazi, hakulipwa deni. Mdaiwa amekimbia.

Deni hulipwa kwa mizani inayokaguliwa na pande zote mbili, kwa shimo lisiloporomoka, kwa bei ya haki na shule ya mtoto. Mwaka 2015 Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si', alifundisha kwamba kuitunza dunia na kuwatunza maskini hakutengani.

Na fundisho hili si la matajiri wa mbali tu. Anayenunua mahindi ya jirani kwa debe lililopanuliwa, yeye pia ni mdaiwa.