Unajua: Inuka Uende!

Mzazi, unajua! Mtoto wa miaka 8 alipoanza tena kukojoa kitandani, uliona. Alipojificha nyuma ya mlango kila mara mjomba wake alipopiga hodi, uliona. Alipolia usimwache naye nyumbani, ulisikia. Ukaelewa, ukanyamaza!

Kikao kikafanyika usiku. Mkasema yaishe kifamilia, mkasema ukoo usiaibike, mkasema mtoto ni mdogo, atasahau.

Hakusahau!

Leo ana miaka 34, ana mume, ana watoto wawili. Kila usiku huburuta stuli akaibana mlangoni kabla ya kulala. Akisikia kandambili zikipita ukumbini, pumzi humkatika. Na moyoni bado anasema: kosa lilikuwa langu.

Jeraha hili halihesabu miaka! Hurudi kwa jinamizi, hurudi kwa hofu, hurudi kwa huzuni inayomlaza mtu mchana kutwa. Wengine hulizamisha kwenye pombe. Wengine hutamani kufa.

Wala si nyumba yako peke yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 hapa Tanzania ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na wavulana takriban 1 kati ya 7. Naam, wavulana! Hao hao mliowaambia mwanamume halii.

Na yule mjomba? Bado anaalikwa sikukuu, bado anapewa kiti cha mbele, bado anapakata wajukuu zako! Unangoja nini?

Geuka! Kama aliyetendewa bado ni mtoto, na tendo limetokea sasa, usimwogeshe, usifue nguo zake, usiitishe kikao. Mkimbize hospitali: ndani ya saa 72 kuna dawa za kumkinga na VVU. Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto, polisi.

Kama amekwisha kuwa mtu mzima, mfuate aliko. Usimhoji, usijitetee, usimwambie ayaache yapite. Mwambie: Nakuamini. Hukukosa. Nisamehe. Akiwa tayari, msindikize kwa mshauri nasaha, maana watu hupona, hata baada ya miaka mingi!

Kesho, kesho, kesho: umeisema miaka 26. Mwanao bado anabana mlango. Inuka sasa, uende!