Kukimbia Hakuponyi Hofu

Sote twamjua mtu wa namna hii. Alikopa fedha kwa rafiki yake. Siku ya kulipa ikafika, naye hana kitu. Akimwona rafiki njiani, apita nyuma ya nyumba, na mara moyo watulia. Kesho afanya vilevile. Mwisho rafiki akafiwa na mama yake, na mwenye deni hakuthubutu kwenda kilioni. Rafiki akasema: «Fedha ningesamehe. Kilio sitasahau.»

Je, mtu huyu ana kosa gani? Hakuiba, hakutukana. Alikwepa tu.

Tuwasikilize kwanza wataalamu wa saikolojia. Mwaka 1953 Richard Solomon na wenzake, huko Marekani, walieleza majaribio yao juu ya mbwa. Mbwa aliwekwa katika sanduku lenye vyumba viwili. Ishara ilitolewa, na baada ya nukta chache umeme ukamchoma miguu, mpaka aruke upande wa pili. Upesi alijifunza kuruka kabla ya kuchomwa. Ndipo wakakata umeme kabisa. Je, mbwa waliacha kuruka? Hapana. Waliendelea kuruka, hata mara 200, wala hapakuwa na umeme tena.

Sababu ni mbili. Kwanza, kila aliporuka mbwa alipata raha, na raha hiyo ni kama mshahara: yamfundisha kukimbia tena. Pili, aliyekimbia hakungoja hata kidogo, basi hakuweza kujua kwamba hatari imekwisha.

Hatusemi kwamba kila kukwepa ni kubaya. Anayeepuka mto wenye mamba ana busara, kwa kuwa mamba yupo kweli. Wala hofu yenyewe si kosa, maana hatuichagui. Lakini tujiulize: raha yangu ya leo, nani anailipa? Mwenye deni alipopita nyuma ya nyumba, rafiki alibaki amesimama mbele, peke yake na msiba wake. Hapo ndipo penye kosa.

Na sisi majirani tufanye nini? Tusimcheke mwoga, wala tusimsukume kwa nguvu. Mwaka 1924 Mary Cover Jones alieleza habari za Peter, mtoto wa karibu miaka 3, aliyeogopa sana sungura. Mtoto alipewa chakula anachopenda, na sungura akawekwa mbali. Siku kwa siku akasogezwa karibu, hata mtoto akampapasa bila hofu.

Vivyo hivyo mwenye deni. Leo apite njia ya mbele, atoe salamu tu. Kesho aseme: «Ndugu, sijapata bado, lakini sikusahau.» Siku nyingine alete kidogo alicho nacho, na jirani mmoja amsindikize kama miguu yatetemeka. Salamu haipunguzi deni hata faranga moja. Lakini yapunguza hofu, na asiyeogopa tena ataweza kulipa.