Kati ya Kutolewa na Kujitolea

Binti wa mdogo wangu alikuja kwangu Tanga likizo ya Juni na kitabu kimoja kwenye begi: The Hunger Games, cha Mmarekani Suzanne Collins, kilichotoka mwaka 2008. Ana miaka 14. Mchana alinisaidia kushona vifungo na kupiga pasi. Usiku, mimi nikiwa kwenye cherehani namalizia madera ya watu, yeye alikaa mkekani akinisomea sura moja, siku nyingine mbili, akinifafanulia pale Kiingereza changu cha darasa la jioni kilipokwama. Usiku wa kwanza tu mguu wangu ulisimama kwenye pedali. Tulikuwa tumefika pale Katniss Everdeen, msichana wa miaka 16, anapomsukuma mdogo wake nyuma yake na kupaza sauti kwamba atakwenda yeye.

Kwa asiyeijua hadithi: nchi inaitwa Panem, imeota juu ya magofu ya Amerika ya Kaskazini. Mji mkuu, Capitol, unatawala wilaya 12. Kwa sababu wilaya ziliwahi kuasi, kila mwaka kila moja hutoa mvulana na msichana wa kati ya miaka 12 na 18, kwa kura. Watoto hao 24 hutiwa uwanjani wauane hadi abaki mmoja, na nchi nzima hulazimishwa kutazama kwenye televisheni. Siku ya kura huitwa siku ya mavuno. Mwaka huo, wa 74 wa michezo hiyo, karatasi iliyochomolewa kwenye mtungi wa kioo ilikuwa na jina la Prim, mdogo wake Katniss. Alikuwa na miaka 12, na jina lake lilikuwamo mara moja tu kati ya maelfu.

"Shangazi, hiki alichofanya Katniss kwa Kiswahili tunakiitaje?"

Nikaanza kumhesabia. Sadaka. Dhabihu. Kafara. Kujitolea. Kujitoa mhanga. Nilipofika la tano nikaona kwamba sijui nimpe lipi. Maneno haya yamekaa nyumba moja lakini hayalali chumba kimoja. Ukitazama kitenzi chenyewe, toa, unaona mlango ulipo: kuna kutolewa na kuna kujitolea. Kilichobadilika ni kiungo kidogo tu cha neno, na ndani ya kiungo hicho mtu anakuwa na mikono yake mwenyewe au anakuwa mnyama aliyefungwa kamba.

Nikamweleza kafara kama nilivyoelezwa na bibi yangu. Zamani katika miji ya mwambao, Siku ya Mwaka, ng'ombe alizungushwa mji kwanza, watu wakiomba dua, ndipo akachinjwa. Azunguke akusanye balaa, aondoke nayo. Siku mbili baadaye tukafika mahali ambapo watoto wale 24, baada ya kuoshwa, kunyolewa na kuvikwa mavazi ya ajabu, wanapandishwa kwenye magari ya farasi na kuzungushwa katika barabara za Capitol huku watu wakiwashangilia na kuwarushia maua. Wameshalishwa vyakula ambavyo Katniss hajawahi kuviona. Binti akaacha kusoma, akanitazama. "Ng'ombe wa bibi," alisema.

Ndivyo. Lakini hapa sharti nimtendee haki bibi. Waliomzungusha ng'ombe walimwomba Mungu, na walijua kwamba ni mnyama. Capitol haimwombi yeyote. Katika vitabu vyote vitatu vya hadithi hii ya Katniss sikukuta swala wala sala, na nadhani ndiyo sababu kafara yao haina kikomo: hakuna wa kuwaambia imekubaliwa, inatosha. Collins mwenyewe amesema mbegu ya hadithi aliitoa kwenye kisa cha Wagiriki, cha mji wa Athens uliotozwa vijana saba wa kiume na saba wa kike wapelekwe Krete kwa Minotauri. Watoto wa Panem nao wanaitwa kwa neno la Kiingereza linalomaanisha kodi ambayo aliyeshindwa humlipa aliyemshinda. Mtoto ni ushuru.

Sasa, ndani ya mashine kama hiyo, mtu anaweza kujitolea kweli?

Kuna jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita. Katniss hakuanza kujitolea siku ya mavuno. Maskini wa Panem wanaruhusiwa kuongeza jina lao kwenye kura wapate nafaka na mafuta kidogo ya mwaka mzima, posho ya mtu mmoja kwa kila karatasi. Baba yake alikufa katika mlipuko wa mgodi wa makaa ya mawe Katniss akiwa na miaka 11. Tangu alipofikisha 12 amekuwa akichukua posho tatu kila mwaka: yake, ya mama, ya Prim. Ndiyo maana akiwa na miaka 16 jina lake limo mara 20, na la rafiki yake Gale, mwenye miaka 18 na familia ya watu watano, limo mara 42. Prim alikatazwa na dada yake kuchukua hata moja. Kwa hiyo, kabla ya jukwaa na kamera, Katniss alikuwa ameshajikata vipande 15 na kuvibadilisha kwa unga, na hakuna aliyempigia makofi, kwani hayo yaliitwa maisha ya kawaida.

Nilipomaliza kupiga hesabu hizo niliondoka kwenye cherehani nikaenda uani.

Baba yangu alikuwa mkata mkonge. Alikufa kwa homa nikiwa kidato cha pili, mdogo wangu akiwa amefaulu darasa la saba. Mama alikuwa anauza maandazi. Ada ilikuwepo ya mtoto mmoja. Ukoo ukakaa kikao sebuleni kwetu, wanaume juu ya viti, sisi kwenye mkeka, na baba mkubwa akaanza kuzungusha maneno: hali ni ngumu, mtoto wa kike ana riziki yake, mtoto wa kiume ndiye nguzo. Nilijua yanakokwenda. Sikungoja yafike. Nikasema, "Mimi nitaacha, yeye aendelee." Walinisifu. Baba mkubwa alisema binti huyu amejitolea, na kikao kikafungwa kwa Fatiha. Wiki ile nilianza kujifunza kushona. Madaftari yangu niliyaficha chini ya godoro, kwa sababu Mama alikuwa akifungia maandazi kwa karatasi zozote alizozikuta.

Kwa miaka mingi nimejiuliza: nilijitolea au nilitolewa? Mdomo ulikuwa wangu. Lakini kisu kilikuwa kimeshanolewa, nami nililolifanya ni kuiweka shingo kwa adabu. Ni Katniss aliyenipa njia ya kulitazama. Naye ni vivyo hivyo: mtungi haukuwa wake, kura haikuwa yake, chaguo alilopewa lilikuwa kati ya damu mbili za mama mmoja. Hata hivyo mapenzi yake kwa Prim hayakutengenezwa na Capitol. Mapenzi yangu kwa mdogo wangu yalikuwa ya kweli, na kikao kile kilikuwa cha dhuluma. Ukweli wa la kwanza haulisafishi la pili, na hapo ndipo sifa zinapodanganya. Mara tu walipotamka "amejitolea", hakuna aliyelazimika tena kuuliza kwa nini ada ilikuwa ya mmoja, wala kwa nini baba mkubwa, aliyekuwa na ng'ombe, hakuuza hata mmoja.

Ndiyo maana naipenda Wilaya ya 12 kwa tendo moja. Katniss alipopanda jukwaani, umati uliombwa umshangilie. Hawakupiga kofi hata moja. Walinyamaza. Kisha mmoja mmoja wakagusisha midomo vidole vitatu vya kati vya mkono wa kushoto, wakavielekeza kwake: ishara ya zamani kwao, inayoonekana mara chache msibani, ya shukrani, ya heshima na ya kumuaga umpendaye. Katika kitabu kizima sijaona ibada iliyo safi kuliko ile. Walimheshimu aliyejitoa bila kumpa aliyemtoa hata chembe ya makofi.

Binti alikuwa na swali lingine, gumu kuliko la kwanza. "Shangazi, kwani Prim aliulizwa?"

Hakuulizwa. Alipiga kelele, akamkumbatia dada yake kwa nyuma, na Gale akamwinua akambeba kwa mama yao. Alikataa waziwazi, na kukataa kwake kukahesabiwa kuwa ni kilio cha mtoto.

Nikamkumbusha Idi Kubwa na kisa ambacho husimuliwa kila mwaka. Katika sura ya 37 ya Kurani, As-Saffat, Ibrahimu anamweleza mwanawe ndoto yake kisha anamwomba rai: tazama, waonaje? Mtoto anajibu kwamba baba atende alivyoamrishwa, naye, Mungu akipenda, atasubiri. Sisi hukimbilia jibu la mtoto. Uzee umenifundisha kusimama kwenye swali la baba. Amri imetoka kwa Mwenyezi Mungu, na bado mwenye kisu anamuuliza mwenye shingo. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 22, mtoto ndiye anayeuliza, mwanakondoo yuko wapi, na baba anamjibu kwamba Mungu atampata. Mdenmark Søren Kierkegaard aliandika kitabu kizima mwaka 1843 akihangaika na kimya cha baba yule. Katika masimulizi yote mawili kisu kilizuiwa na akaletwa mnyama badala ya mtoto. Jirani yangu Mkristo, mwimbaji wa kwaya, alinionyesha jambo ambalo sikulijua: katika Injili ya Yohana, sura ya 10, Yesu anasema hakuna amwondoleaye uhai wake, yeye mwenyewe anautoa, na katika sura inayofuata tu, kuhani mkuu Kayafa anapiga hesabu kwamba ni afadhali mtu mmoja afe kwa ajili ya watu. Kifo kilekile kimoja, kinatazamwa na anayejitoa, kisha kinatazamwa na anayemtoa. Kayafa angeielewa Capitol vizuri.

Rue alitutoa machozi sote wawili. Ni mtoto wa miaka 12 wa Wilaya ya 11, mwembamba, anayeruka mitini kama ndege, na Katniss anampenda kwa sababu anamkumbusha Prim. Walipomwita jukwaani kwao wakaomba wa kwenda badala yake, kulisikika upepo tu. Nilimwomba binti arudie mstari mmoja uliotajwa kwa kupita: Rue ni mkubwa katika watoto sita. Kifungua mimba, kama mimi. Mwenye wadogo watano hana dada wa kupaza sauti. Anapokufa, Katniss anamfunika kwa maua ili Capitol imwone kuwa alikuwa mtu, na watu wa Wilaya ya 11, wenye njaa yao, wanachanga kumpelekea Katniss mkate.

Kitabu cha tatu, Mockingjay, cha mwaka 2010, binti alikipata kwa rafiki yake. Ndicho kilichonikosesha usingizi. Ndani yake wilaya zimeasi tena. Prim, hajatimiza miaka 14, sasa ni mwanafunzi wa udaktari, anakimbilia watoto waliolipuliwa mbele ya jumba la rais. Bomu la pili lilikuwa linangojea wenye huruma wafike. Anakufa mbele ya macho ya dada yake. Kuna uwezekano mkubwa kwamba bomu hilo lilitoka upande wa waasi, wakombozi wenyewe. Sijui silaha chafu kuliko inayotegea huruma kama chambo. Lakini Prim naye alikwenda kwa miguu yake. Mtoto aliyebebwa akilia siku ya mavuno alikataa tena kubaki nyuma, na safari hii hakuwepo wa kumbeba.

Baadaye kiongozi mpya, Coin wa upande wa waasi, anapendekeza michezo ya mwisho, safari hii kwa watoto wa Capitol, na Katniss anapiga kura ya ndiyo. Kwa ajili ya Prim, anasema. Wapo wanaoamini alikuwa anamhadaa Coin, ambaye muda mfupi baadaye Katniss anamuua kwa mshale. Hata kama ni hivyo, maneno yale yalinichoma. Kwa ajili ya Prim alijitoa yeye. Kwa ajili ya Prim akakubali watolewe watoto wa wenzake. Jina la aliyependwa linaweza kubeba yote mawili, na wapiganaji wa kila aina hulijua hilo.

Usiku tuliomaliza nilimpigia mdogo wangu simu. Nilimuuliza kile ambacho sikuwahi kumuuliza: kama kikao kile kingemuuliza yeye, angesemaje?

Alikaa kimya mpaka nikadhani laini imekatika. "Ningekataa, Dada," akasema. "Kila nilipopata sifuri ya hisabati niliona nimekuibia."

Kisha akaniambia kwamba alijua nilipokuwa nikificha madaftari. Nilipokwenda kushona aliyatoa. Kidato cha pili chote alikisoma kwa mwandiko wangu, jiografia na biolojia, na kila jioni kabla sijarudi aliyarudisha chini ya godoro, yamepangwa vilevile nilivyoyaacha.