Baba wa Kiroho Haulizwi

Katika kila seminari kuna padre anayewafahamu vijana kuliko walezi wenzake wote, na huyo ndiye ambaye sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 240, inakataza kuombwa maoni. Walezi wakikaa kuamua nani apewe daraja na nani aondolewe, baba wa kiroho haulizwi, wala muungamishi. Anayajua mashaka ya kijana, hasira yake, usiku aliposhindwa kusali, na yote hayo anabaki nayo.

Nimeifikiria sana kanuni hiyo kwa sababu ya vijana wanaotoka Kalama, kule kwenye vilima vya Machakos, kwenda kuanza malezi. Mwongozo uliotolewa Roma Desemba 8, 2016 unataka waanze na hatua ya utangulizi, isiyopungua mwaka mmoja wala kuzidi miwili, kabla ya falsafa na teolojia. Vitabu vipo, lakini kazi hasa ni Misa ya kila siku, masifu ya asubuhi, tafakari, ukimya, na kuishi na wenzako ambao hukuwachagua. Kijana akija likizo, ukimuuliza amevuna nini, hana cha kukuonyesha. Huenda akakuambia kwamba sala imekuwa ngumu kuliko alipokuwa mtumishi wa altare parokiani. Mama atashtuka, mimi ningefurahi kidogo. Aliyeanza kuona ugumu wa sala ameacha kuisema kwa mazoea tu.

Wakulima wa Kalama wangelielewa jambo hili upesi. Anayechimba fanya juu hutupa udongo upande wa juu wa mtaro, na jioni ile mteremko bado ni mteremko. Ni mvua za misimu mingi zinazoshusha udongo na kuukusanya nyuma ya tuta, mpaka shamba likae bapa. Sisi tuliokulia katika nchi ya mitihani na nafasi za darasani tunaona tabu kuamini kazi ya namna hiyo.

Ndiyo maana naiheshimu kanuni ile. Inamwachia kijana mahali pamoja pa kusema ukweli wake bila ukweli huo kugeuzwa alama. Ni wapi pengine tunampa nafasi hiyo? Shuleni kila neno lina faili. Nyumbani kila udhaifu una shangazi wa kuusambaza.

Askofu wa kwanza wa Jimbo la Machakos, Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeteuliwa mwaka 1969, baadaye akiwa Nakuru alipinga hadharani kura ya mlolongo, ile ya kupanga foleni nyuma ya mgombea, wakati wengi walipoona usalama katika kunyamaza. Sidai kwamba seminari peke yake humtengeneza mtu wa aina hiyo. Lakini je, aliyezoea kujificha hata mbele ya baba yake wa kiroho ataupata wapi ujasiri wa kuusema ukweli mbele ya mkubwa?

Wapo pia wanaosema ukweli wao mle ndani na kugundua kwamba wito wao ni mwingine. Hao nao malezi yamewafaa, maana utangulizi uliwekwa ili watu wapambanue. Jumapili ya kwanza baada ya kurudi, kijana wa namna hiyo atasimama kanisani kati ya waliokwisha kuanza kumwita Fada. Watamwita nani?