Je, Nyumba Yaweza Kuwa Shule?



Mwaka 2020, katikati ya mwezi wa Machi, shule zetu hapa Tanzania zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, wala watoto wa shule za msingi hawakurudi darasani mpaka tarehe 29 Juni. Muda wa miezi mitatu na zaidi wazazi wengi tulijikuta tumekuwa walimu pasipo kuiomba kazi hiyo. Wengine walishukuru sana ilipokwisha. Lakini wako waliosema, Kumbe yawezekana! Na tangu wakati ule nimesikia, hata nje ya kanisa baada ya ibada, mzazi huyu au yule akiuliza kama si heri kuwaweka watoto nyumbani na kuwafundisha mwenyewe, kuliko kuwapeleka mahali penye matusi na fimbo, na darasa lililojaa hata mwalimu hawezi kuyajua majina yao.

Swali hilo si la kuchekwa. Kwa upande wa sheria halina maneno mengi, maana Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule ya msingi na kuhakikisha kwamba anahudhuria mpaka amalize. Lakini mtu aweza kuitii sheria na bado dhamiri yake ikauliza, Kwa nini? Mtoto ni wangu, nimemzaa mimi, nimemleta mimi kwenye ubatizo; mbona nimkabidhi kwa mtu mwingine kila asubuhi?

Wanaosema hivyo wanaye shahidi mkubwa katika Kanisa letu la Anglikana, naye ni mama Susanna Wesley, mke wa kasisi wa Epworth katika Uingereza. Alizaa watoto kumi na tisa, wakabaki hai kumi, wasichana saba na wavulana watatu. Mume wake alikuwa mtu wa madeni, hata mwaka 1705 alifungwa gerezani kwa ajili hiyo. Pamoja na shida zote hizo mama huyu alikuwa na shule nyumbani mwake, saa sita kila siku, tatu asubuhi na tatu alasiri. Mtoto alipotimiza miaka mitano, kesho yake alianza kusoma, na wote walizijua herufi kwa siku moja, isipokuwa wawili waliochukua siku moja na nusu. Baadaye alimtengea kila mtoto jioni yake katika juma ya kuzungumza naye. John, yule ambaye watu wamjua kwa ajili ya Wamethodisti, jioni yake ilikuwa Alhamisi. Naye alipokuwa mtu mzima, mwalimu huko Oxford, alimwandikia mama yake kumwomba sehemu ya ile Alhamisi tena. Mimi nikilifikiri jambo hilo huona haya, maana sijui kama yupo mtoto wangu atakayeniandikia hivyo.

Sikubaliani naye katika yote. Alifundisha kwamba nia ya mtoto yapasa kuvunjwa mapema, na kwamba mtoto ajifunze kuiogopa fimbo na kulia polepole. Hayo namwachia mwenyewe. Lakini kanuni yake moja imenichoma: kwamba msichana asifundishwe kazi za nyumbani mpaka awe amejua kusoma vizuri sana.

Naeleza kwa nini imenichoma. Katika miezi ile ya 2020 niliweka meza barazani, nikawaketisha watoto wangu wawili, mvulana wa darasa la nne na dada yake wa darasa la sita. Nilijiona mwalimu hodari. Siku moja nilikuwa nikiwafundisha kugawanya desimali, mama yao akaita kutoka jikoni kwamba maji yamekwisha. Nikamwambia binti, Nenda kisimani mara moja. Akaenda. Aliporudi tulikuwa tumefika mbali, naye alinyamaza tu, akatazama daftari la mdogo wake. Wala haikuwa mara ya kwanza. Nilipohesabu moyoni niligundua kwamba karibu kila siku alikuwa ameinuka mezani mara mbili au tatu, kwa maji, kwa moto, kwa mgeni, na mvulana hakuinuka hata mara moja. Na mimi, baba yake ninayempenda, sikuona.

Hapo ndipo nilipoanza kubadili mawazo. Shule ya kijiji ina makosa mengi, lakini hakuna mwalimu aliyewahi kumtoa binti yangu katikati ya hesabu ili apike uji wa mdogo wake. Na kama angefanya hivyo ningekwenda kulalamika! Nyumbani nani atalalamika? Mzazi ndiye mwalimu, ndiye mwalimu mkuu, ndiye mkaguzi, tena ndiye kamati ya shule. Upendo wake ni mkubwa, lakini una mazoea, na mazoea hayajioni yenyewe.

Hata nyumba ile ya Epworth haikuepuka jambo hili. Wavulana walipokua kidogo walipelekwa nje: John aliingia shule ya Charterhouse, London, mwaka 1714, na Charles alikwenda Westminster miaka miwili baadaye, kisha wote Oxford. Dada zao, waliosoma meza moja nao, walibaki. Hetty alisifiwa kwa akili na mashairi yake, lakini mwaka 1725 aliozwa kwa fundi wa mabomba, wala hakuwa na furaha katika ndoa ile. Mama alikuwa amempa kusoma. Mlango wa kutokea hakuwa nao wa kumpa.

Tena liko la jirani. Askofu Tozer alipofika Unguja mwaka 1864, wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Watoto wale hawakuwa na baba wa kuwawekea meza barazani. Kila mzazi mwenye elimu akimficha mtoto wake nyumbani, nani atakwenda kwenye mkutano wa shule kuuliza habari za fimbo na za madawati? Yule asiyejua kusoma? Katika miezi ile alikuwapo mtoto wa jirani aliyesimama mara nyingi kwenye ua wetu akitusikiliza. Nilimwambia arudi kwao, kwa sababu ya ugonjwa. Sababu ilikuwa ya kweli, ila sikumpelekea hata daftari.

Tarehe 29 Juni binti yangu aliondoka kabla ya jua kuchomoza, hata chai hakunywa. Meza ingali barazani. Maji sasa tunachota kwa zamu, na mimi nina zamu yangu, ingawa mwanzoni wanawake kisimani walinicheka. Jioni ya Alhamisi ni yake. Juma lililopita alileta hesabu ya aljebra nisiyoiweza kabisa. Nikamwambia akamwulize mwalimu wake, kisha arudi anifundishe.